Eastleigh kwa Sahani: Nani Alifika Lini, na Sisi Tule Wapi

Mgeni akifika Eastleigh, hata kabla hajauliza kazi iko wapi, anauliza chakula: wapi hapa nitakula vizuri bila kumaliza pesa? Watu wengi humjibu kwa majina ya hoteli. Mimi siku hizi namjibu kwa miaka. Sina nia ya kumsumbua. Ni kwamba hoteli za mtaa huu hubadilisha jina, huhama kutoka chini kwenda ghorofa ya tatu, hufungwa Jumatatu na kufunguliwa Alhamisi zikiwa na mwenyewe mwingine. Lakini mwaka ambao watu fulani walifika hauhami. Ukishajua kwa nini Msomali anakula tambi, kwa nini maziwa ya ngamia yanatoka Isiolo, na kwa nini Jumatano kwa Waethiopia ni siku nzuri ya mtu mwenye pesa kidogo, hutahitaji kuonyeshwa mlango.

Kuna jambo jingine nimeliona nikisoma historia ya upande huu wa Nairobi, na ndilo limenifanya niandike. Karibu kila chakula tunachokisifu hapa kilipikwa kwanza na mtu aliyekuwa ameambiwa na serikali ya wakati wake kwamba hatakaa. Sisi si wa kwanza kuambiwa hivyo, wasee.

Tuanzie ng'ambo kidogo, Majengo. Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli. Reli yenyewe ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi wao walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wenye maduka waliokuja nyuma yao, ndio waliotuachia chapati, sambusa na chai ya kuchemshwa pamoja na maziwa. Leo Mkenya atakuambia chapati ni chakula cha Krismasi cha kwao kijijini, na hadanganyi. Chakula kikikaa vizazi vitatu kinapata uraia haraka kuliko sisi.

Mwafrika naye mjini alikuwa mtu wa kupita. Aje, afanye kazi, arudi kijijini. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyevuka miaka 16 alitakiwa kutembea na kipande, karatasi ya kumtambulisha iliyowekwa ndani ya kijikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ukikamatwa bila hiyo, umepotea. Neno lenyewe halijafa: hata leo Nairobi mtu akikuuliza "uko na kipande?" anataka kitambulisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndipo Pumwani ikapangwa kuwa mahali pa Waafrika, na vijiji vingine walivyojijengea vikabomolewa kimoja kimoja. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi, ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakapelekwa Shauri Moyo.

Sasa fikiria hesabu ya chakula katika mji kama huo. Wanaume wengi, wake wako kijijini, chumba kimoja wanalala wengi, jiko hakuna. Na upande wa pili, wanawake waliokuja mjini wenyewe, wengine wakikimbia ndoa, wengine njaa, wakajenga nyumba za udongo Pumwani na kupangisha vyumba. Hao wanawake ndio waliopika. Chai, maandazi, maharagwe, uji. Kuuza bila leseni lilikuwa kosa, askari wa baraza walikuwa wakiwafukuza, na sufuria zilimwagwa. Sasa hivi tunawaita kanjo, neno lililotoka kwa lile baraza lenyewe la jiji, na mbio ni zilezile. Kwa hiyo ukikaa kwenye kibanda cha mabati Majengo ukala madondo na chapati mbili, kumbuka kwamba kibanda hicho kilitengenezwa na sheria: mtu asiye na jiko alikutana na mama asiye na leseni. Na madondo ya Majengo ni mazuri hadi leo. Tafuta kibanda ambacho wasukuma mikokoteni wa Gikomba wamekizunguka saa sita na nusu. Mtu anayesukuma mzigo wa mitumba kutwa nzima hawezi kudanganywa kwa chakula chepesi.

Kando yake kuna Kariokor. Jina ni la wale wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya vita hadi Tanganyika na wakafa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na chakula kibovu. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo yao, jina ni hilohilo. Watu waliokufa kwa kukosa chakula cha maana wameacha jina kwa soko ambalo leo linajulikana kwa nyama choma. Nyama unachagua ikiwa bado mbichi, inapimwa kwa kilo, inachomwa, inakatwakatwa juu ya ubao mbele yako, chumvi pembeni. Nendeni wanne mchangie kilo moja na ugali mkubwa. Ukienda peke yako utalia.

Eastleigh yenyewe ilipata umbo lake 1921, mashamba mawili ya viwanja, Nairobi East na Egerton, yalipounganishwa. Wahindi ndio walionunua sana. Lakini Wasomali pia walikuwepo tangu hapo, na hili watu wengi hawalijui. Walikuwa Isaaq na Harti waliokuja na Waingereza kama askari na waongozaji wa safari, wakawa wafanyabiashara wa mifugo, wakauzia mji nyama na maziwa. Sheria ya 1919 iliwatenga baadhi yao kutoka kwenye kundi la "wenyeji" na kuwapa nafasi yao pekee, jambo ambalo halikuwasaidia baadaye. Mwaka 1989 serikali ya Kenya huru iliwachuja Wasomali wote wa nchi, raia waliozaliwa hapa, kuona nani ni wa kweli, na kuwapa kadi ya ziada. Kwa hiyo hata mwenyeji wako Msomali Mkenya, yule unayedhani hana shida ya karatasi, muulize baba yake.

Baada ya uhuru Wahindi wengi walihamia Parklands na mitaa mingine. Wakikuyu na watu wengine wakanunua majumba, nyumba za kulala wageni zikawa nyingi. Ndiyo maana 1991 ilipofika, mahali palikuwa tayari: misikiti ipo, jamaa wapo, vyumba vya bei rahisi vipo.

Mwaka huo ulivunja serikali mbili. Januari, Siad Barre alikimbia Mogadishu. Mei, Mengistu alikimbia Addis Ababa. Dadaab ikafunguliwa 1991, Kakuma 1992, na Kenya ikashika msimamo kwamba mkimbizi akae kambini. Wengi hawakukaa. Walishuka Eastleigh, na hapo hadithi ya Garissa Lodge inaanza. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni ya kawaida. Wakimbizi walikodi vyumba, usiku wanalala kitandani, mchana kitanda kinakuwa meza ya duka: nguo, redio, vitambaa. Wateja wakazidi hadi kulala kukawa ndiko kunakosumbua biashara. Vyumba vikageuzwa vibanda vya kudumu, na wenye majumba mengine wakaiga. Majumba makubwa ya biashara unayoyaona leo yote ni wajukuu wa kile kitanda.

Mtu anayeuza kuanzia saa mbili asubuhi hadi usiku haendi nyumbani kupika. Na mnunuzi aliyetoka Kampala au Arusha kubeba mzigo hana nyumbani pa kwenda. Hoteli za Kisomali zilikua hapohapo, ndani ya majumba ya biashara na juu yake. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kula Eastleigh ni kupanda ngazi. Za barabarani zina bango na taa. Za juu zina wenye maduka.

Utakutana na nini? Wali wa viungo, bariis, na nyama ya mbuzi. Utakutana na tambi, baasto, na hapo vijana wengi wa Kongo hucheka: Msomali na tambi wapi na wapi? Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia tangu mwisho wa karne ya 19 hadi Vita vya Pili, kisha Umoja wa Mataifa ukawarudisha kuwa wasimamizi kutoka 1950 hadi uhuru wa 1960. Tambi zilibaki, wakaziwekea mchuzi wa nyama wenye bizari yao. Ndizi mbivu utakayowekewa kando ya sahani nayo ina habari yake. Kando ya mito Juba na Shabelle Waitaliano walifungua mashamba makubwa ya ndizi za kuuza nje, na kazi ya mashambani walibebeshwa watu ambao wengi wao ni wazee wa wale tunaowaita leo Wasomali Wabantu. Wengine mko nao Kakuma na Dadaab. Usiihifadhi ile ndizi kuwa tunda la mwisho, utachekwa. Imenye, ikate juu ya wali, kula pamoja.

Supu huja kwanza katika sehemu nyingi hata hujaiomba. Sahani moja ya wali na mbuzi mara nyingi inatosha watu wawili wasio na makuu. Omba sahani tupu ya pili, hakuna atakayekushangaa. Mwite mhudumu "walaal", ndugu, au "abti" kama ni mzee wa umri wa mjomba wako. "Warya" achana nayo, hata kama umeisikia kwenye matatu kila siku. Na dada zangu, sehemu nyingi zina upande wa familia, umefichwa nyuma au ghorofa ya juu. Uliza tu, mara nyingi ni mahali pa utulivu kuliko mbele.

Watu wa pwani wana bahati zaidi. Mtu wa Lamu akikaa na mtu wa Barawa hatahitaji mkalimani mezani. Watu wa Barawa wana Chimwiini chao, ambacho ni jamaa wa damu wa Kiswahili, na majina ya vyakula yametembea pwani nzima: sambusa, halua, bajia za kunde. Mkate ambao Msomali anauita muufo, pwani ya Kenya ni mkate wa mofa. Nani alimfundisha nani, waachie wazee wabishane. Wewe kula.

Maziwa ya ngamia yanastahili kusemwa peke yake, maana ndiyo chakula ambacho wakimbizi waliokuja mjini walikigeuza kuwa biashara ya nchi nzima. Kabla ya miaka ya 1990 maziwa hayo yalikuwa ya wafugaji, yakinywewa palepale mifugo ilipo. Mji ulipojaa watu waliolelewa nayo, mtu alitakiwa kuyafikisha. Waliofanya hivyo ni wanawake wa Isiolo, wengi wao Wasomali, waliojiunga katika vikundi na vyama vya ushirika kama Anolei. Maziwa hukusanywa alfajiri kutoka porini, hufika Isiolo mjini, hutiwa kwenye mitungi ya njano ya plastiki na kupakiwa kwenye basi la Nairobi. Eastleigh kuna wanawake wengine wanaoyapokea. Ni kilomita zaidi ya 250, juu ya kiti cha basi, katika biashara iliyojengwa juu ya kuaminiana: mama wa huku hajamuona ngamia, mama wa kule hajaiona pesa, na mzigo unakuja kila siku. Ladha ya moshi utakayoisikia inatokana na vyombo kufukizwa kwa kuni za miti fulani, ni njia ya zamani ya kuyafanya yasiharibike upesi. Mara ya kwanza nyingi hawaipendi. Yaombe ndani ya chai, utaelewa.

Upande wa Ethiopia, tusiseme "Wahabeshi" kwa kila mtu. Eastleigh ina Waoromo wengi, waliokimbia hasa baada ya chama cha OLF kutoka kwenye serikali ya mpito 1992, na Mworomo mwingi hatafurahi ukimwita Mhabeshi. Wengine, Waamhara na wenzao, walikuja mapema, tangu utawala wa Derg ulioanza 1974. Mikate yao ni ile injera laini yenye vitundu, Waoromo wakiiita biddeena, inayowekwa chini na mchuzi juu, mnakula sahani moja kwa mkono wa kulia. Sasa siri niliyoahidi: Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na wakati wa Kwaresima karibu miezi miwili mfululizo. Siku hizo jiko lao linaweka nguvu zote kwenye dengu, kunde, kabichi, viazi na shiro, uji mzito wa unga wa dengu na viungo. Ni chakula kipya, kingi, na bei yake ni ya chini kuliko ya nyama. Jikoni kwa mwenye kufunga, mboga si kitu cha kumjazia maskini sahani. Ndicho chakula chenyewe. Nenda wawili. Malizia na kahawa ikiwa una nusu saa, maana wanaikaanga palepale na haiharakishwi.

Nimesema habari za kuvutia. Sasa zile nyingine, ambazo bila hizo hutaelewa kwa nini hoteli uliyoambiwa na binamu yako haipo tena.

Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, watu wakafa, na siku iliyofuata vijana wakawageukia Wasomali na maduka yao kwa mawe. Desemba serikali ikatangaza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 amri hiyo ikafutwa. Machi 26, 2014 amri ikatoka tena. Siku tano baadaye, Machi 31, milipuko iliua watu 6 Eastleigh, na mabomu yaliangukia mahali watu walipokaa kula na kunywa chai jioni, mikahawa midogo ya kawaida. Aprili ukaanza msako wa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wengine wakapelekwa kambini, wengine wakapandishwa ndege kwenda Mogadishu.

Fikiria jikoni wiki hizo. Mpishi wa injera hana karatasi: hatoki. Mwosha vyombo ametoka Dadaab bila ruhusa ya kusafiri: hatoki. Mteja hatoki. Mwenye hoteli ana pango la kulipa. Wenye mtaji baadhi waliuhamishia nchi nyingine, Uganda ikiwemo. Wasio na mtaji walifunga tu. Waliolipua walilenga watu wanaokula, na waliosaka wakawakamata wanaopika. Sijui kama kuna njia nyingine ya kuisema.

Halafu Mei 2020, wakati wa korona, Eastleigh ilifungwa mwezi mzima: hakuna kuingia, hakuna kutoka, na mikahawa na majumba ya biashara vikaambiwa vifunge. Mitaa mingi ya Nairobi ilikuwa na wagonjwa. Iliyozungushiwa vizuizi jijini ilikuwa hii. Hapo ndipo wengi walipojifunza kupikia nyumbani na kupeleka chakula kwa bodaboda. Baadhi hawakurudi tena kwenye hoteli, na hadi leo wanauza kwa simu. Ndiyo maana baadhi ya vyakula bora vya Eastleigh havina mlango kabisa.

Ndugu wa Kampala mtasema kwenu ni tofauti, na ni kweli kiasi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 ilimpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na ukienda Kisenyi kwa Wasomali au Kabalagala kwa Waethiopia na Waeritrea unaona matokeo: mabango yako wazi, majina yameandikwa kwa lugha za nyumbani. Kodi na wakusanya ushuru bado watakupata, lakini hulali ukijiuliza kama sufuria yako ni ushahidi wa kosa.

Na sisi wa Kongo? Hatukuwa na Garissa Lodge yetu. Tulikuja kwa mawimbi baada ya vita vya 1996 na 1998, tukatawanyika Kayole, Kasarani, Githurai, Rongai, tukauza vitenge mlango kwa mlango. Ndiyo maana mtu akitafuta sombe Eastleigh anazunguka sana. Sombe ni kazi: majani ya muhogo lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu, maana yakiwa mabichi yana sumu. Pwani ya Kenya wanayajua, wanayaita kisamvu, lakini sokoni Nairobi sukuma wiki ndiyo mfalme. Ndagala ya Tanganyika tumeibadilisha kwa omena ya ziwa Victoria kutoka Gikomba. Ziko karibu kufanana. Mtu wa Uvira ataonja, atanyamaza, atasema "asante mama", na utajua amejua. Bugali ya muhogo unaipata kwa kuulizia, si kwa kutembea. Njia ya uhakika ni Jumapili, ibada ikitoka: fuata vitenge. Kuna mama mwenye sufuria mbili zilizofungwa kwa kitambaa karibu na kila kanisa letu. Siku za kazi uliza saluni. Wasuka nywele wanajua nani anapika nini na saa ngapi.

Kwa nini mama huyo hana bango? Kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya cha anayepika, karatasi ya zimamoto, namba ya kodi. Kila karatasi inaitwa na kitambulisho, na kitambulisho cha mkimbizi kinaweza kuchukua miaka kutoka. Wengi huandikisha biashara kwa jina la rafiki mwenyeji, na siku wakikosana, hoteli ni ya rafiki. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi. Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unaongea zaidi juu ya Kakuma na Dadaab, ambako biashara zimekuwepo muda mrefu: utafiti wa IFC wa 2018 ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 Kakuma pekee, na anayeijua Kakuma anajua mikahawa ya Kiethiopia iliyomo. Mjini bado tunangoja kwenye foleni, huku mgao wa chakula kambini ukikatwa na watu zaidi wakija kujaribu sufuria zao hapa.

Hapa nageuka kwa dada na kaka wanaofanya kazi na mashirika, maana nanyi mnasoma. Nimekaa kwenye semina za kuwajenga wakimbizi kiuchumi, ndani ya mitaa hii, ambapo saa saba gari liliingia na kuku na chipsi kutoka hoteli ya katikati ya jiji. Mezani tulikuwa na watu watano wanaopika kwa kuuza. Tuliuliza, tukaambiwa kuhusu risiti, usajili na akaunti ya benki. Naelewa. Wakaguzi wenu hawali sombe. Lakini chakula cha semina mbili kwa mwezi ni pango la chumba cha jiko. Kikundi cha akina mama watano kinaweza kusajiliwa kama kikundi hata pale mmoja mmoja hawezi, na gharama ya vyeti vyao vya afya haifiki bili ya maji ya chupa kwenye semina moja. Mkishindwa hata hilo, basi wakati wa mapumziko msitupeleke popote. Tupeni ile pesa ya chakula mkononi, tupande ngazi wenyewe, na twende nanyi.

Kwa mgeni wa wiki hii aliyeuliza: leo ni Jumatano, nenda kwa Waethiopia mchana na uombe sahani ya mfungo, mshiriki wawili. Kesho madondo ya Majengo kabla ya saa saba hayajaisha. Na kama unataka maziwa, subiri basi la Isiolo lifike, ulizia mama mwenye mitungi ya njano, uende na chupa yako mwenyewe iliyooshwa kwa maji moto. Ya plastiki yenye harufu ya sabuni ataikataa.